Mgeni Mwenye Kitambulisho Usoni

Nyuki wamesifiwa wakachoka, na mchwa wana methali zao. Leo naomba nimsifu kiwavijeshi vamizi, maana tangu aje sijasikia mtu akimtamkia neno jema, na mimi nina deni naye.

Kwanza, hana siri. Wewe na mimi tunakifuatilia kitambulisho mpaka soli inaisha. Yeye kazaliwa nacho. Subiri anenepe kidogo, mshike, mtazame usoni: utaona Y ya rangi hafifu iliyosimama kichwa chini. Kisha shuka mkiani, pingili ya pili kutoka mwisho. Madoa manne meusi yamekaa mraba, kama dadu lililoangukia nne. Akishakuwa nondo ndipo anapojificha: wa kijivu, wa usiku, dume peke yake akibakiza doa jeupe kwenye ncha ya bawa la mbele.

Kwao ni Amerika. Wataalamu walimwandika mwaka 1797, na jina lake la Kilatini, Spodoptera frugiperda, linamtaja waziwazi kuwa mharibifu wa mazao. Basi hatuwezi kusema hatukuambiwa. Mwaka 2016 alionekana Afrika Magharibi. 2017 alikuwa keshafika Kenya na Tanzania, bila pasi wala chanjo ya homa ya manjano. Nondo wake huweza kuruka kilomita 100 kwa usiku mmoja, upepo ukimpenda. Wahenga walisema mgeni siku ya tatu apewe jembe. Huyu siku ya tatu mayai yake yanaanguliwa, mia moja, mia mbili kwa fungu, na shamba ni lake.

Na ustaarabu wa kula! Akiwa mdogo huparua jani upande mmoja tu, likabaki kama kioo cha dirisha. Akikua huzama kwenye moyo wa mmea wa mahindi, akala majani yakiwa bado yamekunjwa. Yakikunjuka, matundu yamejipanga mstari. Mlango anauziba kwa kinyesi chake, kama vumbi la mbao lililolowa. Unapita na bomba la dawa mgongoni, mtaalamu mzima; dawa inaishia kwenye kizibo, naye yuko chini anaendelea na chakula cha mchana. Ndiyo maana mama yangu aliacha bomba, akaanza kupita mmea kwa mmea na kopo la majivu, akidondosha kidogo kidogo katikati. Miaka yote nilikuwa natazama shamba. Sasa natazama mmoja mmoja, na nisingefanya hivyo kwa hiari yangu.

Tena ana upande wa utabibu. Seli zilizotolewa kwenye ovari za buu lake hukuzwa maabara, na mwaka 2013 Marekani iliidhinisha chanjo ya mafua inayotengenezwa kwa seli hizo. Kwetu mla ugali, ughaibuni daktari.

Msimu uliopita niliwatia wawili kwenye chupa pamoja na jani bichi, nikafunga kizibo, niwaonyeshe watoto ile Y. Asubuhi jani lilikuwa karibu zima, na ndani mlikuwa na mmoja, mnene, ametulia. Mama aliigeuza chupa mara mbili, akakikagua kizibo, akaniuliza yule mwingine katokea wapi.