Jua la Bure, Taa ya Tokeni

Penye miti hapana wajenzi. Na penye jua, naona, hapana madirisha. Jirani yangu wa Nyali kanunua mti wa pambo, Ficus benjamina, akauweka nyuma ya kochi, mapazia mazito yameteremshwa, eisi inaupulizia. Wiki haikwisha, majani yakaanza kumwagika. Akauhamishia kando ya televisheni, ukazidi, maana mti huu ukihamishwahamishwa hususa.

Dawa? Kaagiza taa maalumu ya mimea, iwake saa 12 kwa siku. Mombasa hii, digrii 4 kusini mwa Ikweta, ambako jua latoa saa zizo hizo 12 mwaka mzima bila kudai tokeni za umeme!

Hapo mbele tu, Bamburi, mwaka 1971 René Haller alianza kupanda miti kwenye machimbo makavu ya kiwanda cha saruji. Mivinje ikashika mwambani, na leo ni msitu wa kutembelewa, Haller Park. Sijasikia kuwa iliwashiwa taa.

Nikamwambia: "Mwenzangu, sogeza chungu hatua mbili hadi dirisha la mashariki, ufungue pazia. Jua la asubuhi ni pole, haliunguzi."

Akanitazama kama nimemtukania mama. "Na kochi langu likipauka?"

Nikanyamaza. Kumbe kochi ndilo lenye haki ya kivuli; mti, kiumbe wa jua, na ujifunze kuishi kwa bili.