Barua ya Wazi kwa Afande Aliyerudi Nyumbani

Afande Mstaafu,
Ngamiani, Tanga.



Sisi wa barazani tumeona tukuandikie, maana ukipita asubuhi na kanzu yako iliyonyooshwa pasi, hatujui tukupigie saluti au tukupe mkono. Karibu Tanga. Husemwa huku waja leo, waondoka leo. Wewe uliondoka kijana, ukaenda chuo cha polisi, CCP Moshi, na begi la kuazima, ukarudi mstaafu. Begi la watu hatujaliona.

Safari zako tunazijua, umetusimulia mara mbili. Konstebo, koplo, sajenti, ukaja ukaguzi, urakibu, hadi ukamishna msaidizi. Kila mkoa uliopangiwa, kwa maelezo yako, wahalifu walikimbilia mkoa wa jirani. Ajabu ni kwamba kila uhamisho wako ulikuwa wa kwenda huko huko kwa jirani.

Mwaka 2023 Rais alipounda tume ya haki jinai chini ya Jaji Mkuu mstaafu Chande Othman, na redio ikatangaza wananchi wanavyolalamikia polisi, ulisonya mpaka kahawa ikakumwagikia. "Raia wa nchi hii hawana jema," ukasema. Tukanyamaza. Kahawa ilikuwa ya kwako.

Majuzi wakaiba pampu yako ya maji.

Tulikusindikiza kituoni (jina lake tunalisitiri, nawe tusitiri). Ukakaa kwenye benchi lile lililowekewa tofali badala ya mguu, chini ya bango la "Huduma ni Bure", saa mbili nzima. Kijana wa kaunta hakuinua uso. Ukamuuliza, "Unanijua mimi ni nani?" Akajibu kwa adabu kabisa: "Mzee, hapa kila anayeingia huwa ni nani." Kisha akasema karatasi zimekwisha, kanunue rimu. Ukanunua. RB, ile hati ya taarifa ya polisi, ikaandikwa. Ukauliza mpelelezi anakuja lini, ukaambiwa gari lipo, mafuta ndiyo hayapo, baba.

Hapo ndipo tulipokuonea fahari, Afande. Mwingine angepiga kelele. Wewe uliingiza mkono mfukoni bila kuuliza ni lita ngapi, kama mtu anayeijua bei tangu zamani. Yule kijana alifunzwa vizuri, na mwalimu wake huenda hayuko mbali.

Pampu haijapatikana. Tunasikia unataka kumwandikia Kamanda wa Mkoa ulalamike. Andika, Afande, lakini usisahau kwamba malalamiko ya raia wewe una jina lako la kuyaita, tuliliandika siku ile ya kahawa.

Kesho jioni zamu ya kashata ni yako. Njoo na ile RB. Fundi baiskeli wa hapa kona naye anayo ya kwake, ina miezi minne, imeanza kuchanika kwenye mikunjo. Anauliza kama mnaweza kufuatana, maana peke yake hajapata pesa ya mafuta.

Ni sisi,
Wanabaraza