Utukufu wa Benchi la Mama Ntilie

Almasi ya waridi ya karati 54.5 iliyopatikana Mwadui mwaka 1947 ilisifiwa hadi London, maana John Williamson, mwenye mgodi huo, aliitoa iwe zawadi ya harusi ya Binti Mfalme Elizabeth. Dhahabu ya Geita nayo husifiwa kwenye hotuba za bajeti, kwa kilo na kwa dola. Mawe yamepata haki yao. Ubao anaokalia mchimba mawe, sahani ikiwa mapajani, haujapata hata ubeti mmoja.

Deni hilo nalilipa leo. Nalisifu benchi la mama ntilie: lile refu, jembamba, lenye mguu mmoja mfupi uliowekewa jiwe, na msumari mmoja uliochomoza ambao kila mteja wa kudumu anajua ulipo. Lipo Maganzo, lipo Kakola, lipo Mwakitolyo, Nyarugusu, Mgusu na Rwamgasa. Wenye suruali zilizochanika watanipinga. Nawakaribisha waketi tujadiliane, wakipata nafasi.

Anayesifu huanza na ukoo. Benchi letu halikutoka kwa seremala mwenye kibao cha jina barabarani. Ni ndugu wa matimba, yale magogo yanayosimamishwa kuzuia kuta za duara, yaani shimo la mchimbaji, zisiporomoke. Gogo lililonyooka huteremshwa shimoni. Lililopinda hubaki juu, likapasuliwa na kupigiliwa misumari. Mmoja kapewa kazi ya kuuzuia mlima usimwangukie binadamu, mwenzake kapewa kazi ya kumzuia binadamu asianguke kabla hajaufikia mlima. Kati ya ndugu hao sijui nani mkubwa, ila najua nani huwahi kazini. Ikivuma habari kwamba mahali fulani porini pametema, yaani pametoa dhahabu, ofisa madini atakuja na ramani yake, mtendaji wa kijiji atakuja na kitabu cha stakabadhi, mhubiri atakuja na spika. Wote watakuta benchi limeshateremshwa kwenye pikipiki, limewekwa chini ya turubai, na chai imechemka.

Sifa yake ya kwanza ni kwamba linakuepusha na taabu ya kuchagua. Taabu hiyo si ndogo. Waulizeni abiria wa meli kubwa za utalii, kama zile zinazotia nanga Zanzibar na Mombasa. Mtu amelipa mamilioni ili apumzike, lakini hata kabla ya kupanda meli hutakiwa aamue. Chakula cha jioni atakula zamu ya kwanza, yapata saa kumi na mbili, au zamu ya pili, saa mbili na kitu usiku? Atakaa meza ya wawili, ya wanne au ya wanane? Akichagua zamu ya kwanza, jua halijazama na njaa haijafika. Akichagua ya pili, atalala na tumbo zito. Akichagua meza ya wanane, atakutana kila usiku na bwana yuleyule anayesimulia upasuaji wa goti lake, na hana pa kukimbilia maana pande zote ni bahari. Mwaka 2000 kampuni ya Norwegian Cruise Line iliwahurumia abiria wake, ikawaruhusu kula saa wanayotaka na kukaa wanapotaka. Taabu ikazidi: sasa walitakiwa kuchagua kila siku.

Mwaka huohuo wa 2000 mgodi mkubwa wa Geita ulianza kuzalisha dhahabu, na wachimbaji wadogo wa huko hawakuwa na tatizo hilo la kuchagua hata chembe. Meli waliyoizoea wasafiri wa huku ilikuwa kivuko cha Kigongo na Busisi, ambako mlo ulikuwa yai la kuchemsha na meza ilikuwa paja lako mwenyewe. Juni 2025 Daraja la J.P. Magufuli likafunguliwa, na meza hiyo nayo ikaondoka. Limebaki benchi.

Benchini saa ya kula haichaguliwi na mlaji. Huichagua duara. Wakilipua, lazima moshi wa baruti utoke kwanza ndipo watu washuke, na waliochelewa kushuka watachelewa kupanda. Winchi ikigoma, zamu nzima hubaki chini ikila kwa mawazo. Ndiyo maana saa saba mchana utamkuta mmoja anakunywa chai ya asubuhi, wa pili yuko kwenye chakula cha mchana, na wa tatu, aliyekesha shimoni, anakula cha jana usiku. Zamu tatu kwenye ubao mmoja, na hakuna aliyejaza fomu.

Wala mlo hauchaguliwi. Kwenye maduara mengi wachimbaji hawana mshahara. Mwenye duara, au mtu anayemfadhili, hulipia chakula chao, nao husubiri mgao wa mifuko ya mawe siku yatakapopatikana mawe yenye kitu. Mshahara wao hupakuliwa kwa upawa. Kwa hiyo sahani ya mchimbaji ni ripoti ya kijiolojia, na anayejua kuisoma hahitaji mtaalamu. Ugali na maharage: bado wanapasua mwamba mtupu. Ugali na dagaa: dalili zimeonekana, lakini msiseme kwa sauti. Sato mzima aliyetokeza mkia nje ya sahani: mawe yameshafika kwenye karasha, mashine ya kuyasaga. Wali, nyama na soda ya baridi: duara limetema, na jioni hii mjini hapatalalika. Ila ukiona michembe, yale makavu ya viazi vitamu, na chai ya rangi, jua mfadhili amezima simu. Naiheshimu michembe, ambayo imeivusha Kanda hii ya Ziwa kwenye njaa nyingi. Lakini hakuna aliyeshuka shimoni akiiota.

Tuje kwenye uadilifu. Meli za utalii zina meza ya nahodha, na anayealikwa hapo huvaa suti. MV Victoria, iliyorudi ziwani mwaka 2020 baada ya ukarabati mkubwa, huwapanga wasafiri wa Mwanza na Bukoba kwa madaraja. Benchi lina daraja moja tu, nalo ni la mti. Mwenye leseni hubanana na mbeba mawe. Fundi wa karasha, mweupe kwa vumbi kuanzia kope hadi kandambili, hubanana na dalali aliyepiga pasi. Mama anayeponda mawe kwa nyundo tangu alfajiri hukaa kando ya kijana aliyeaga kwao Kasulu kwamba anakwenda kusoma. Wazee waliolelewa shikome, kwenye moto wa jioni ambapo wanaume wa kaya walikula pamoja, watasema hakuna jipya hapo. Jipya lipo: shikome walikaa ndugu, na benchini wanakaa watu wasiojuana hata majina.

Ukifika husemi umeweka nafasi. Unamsalimu mama kwa Kisukuma, "Mwadila, mayu," naye, bila kugeuka kutoka kwenye sufuria, anawatangazia waliokaa: "Jamani, sogeeni kidogo, baba akae." Benchi la watu wanne lina watu saba. Akija wa nane, linarefuka. Mahali pamoja tu huhifadhiwa, na anayepahifadhi ni mila. Kijana wa Kisukuma akimkuta mkwewe ameshaketi, hapohapo hukumbuka kwamba simu yake ameiacha kwenye chaji. Huondoka kwa adabu, na hurudi sahani ya mzee ikishaoshwa.

Benchi hufundisha pia ujirani mwema, na adhabu yake haina rufaa. Wa katikati wakinyanyuka kwa pamoja bila kuaga, aliyebaki ncha hujikuta chini na mchuzi kifuani. Tangu siku hiyo huwa haketi bila kumjulia hali aliyeko ncha ya pili. Zipo ndoa zisizo na uangalifu wa namna hiyo.

Nisiwe mwongo wa kusifu kila kitu. Ubaguzi upo, nao una umbo la kiti cha plastiki. Duara likitema, mwenye duara hakai tena benchini. Kiti chekundu huazimwa duka la jirani, kikafutwa kwa khanga, kikawekwa kivulini. Lakini tazama hekima ya mahali penyewe: aliyekalia kiti hicho ndiye anayelipia sahani za benchi zima, na asipolipia, kesho kiti kina kazi nyingine.

Kuhusu maarifa, serikali yenyewe ni shahidi wangu. Machi 2019 lilifunguliwa soko la dhahabu Geita, ili mchimbaji auze mahali panapojulikana kwa bei inayojulikana. Ni jambo jema, na benchi halikuona wivu. Soko hukuambia bei ya dhahabu uliyo nayo. Benchi hukuambia dhahabu ilipo, nani kaipata, na kwa nini leo kabadili njia ya kwenda nyumbani. Huko Maganzo, jirani na Mwadui, elimu hii ina adabu zake za ziada. Ukimwona jirani yako benchini anakunywa chai kwa upande mmoja wa mdomo, wala hajibu salamu, usimdhanie kiburi. Labda ni jino. Labda ana jiwe. Usiulize.

Sasa niwajibu wapinzani. Wanasema benchi ni chafu. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 mradi wa Umoja wa Mataifa ulikwenda Rwamgasa kuchunguza zebaki inayotumika kukamatia dhahabu, na tangu hapo wataalamu wamezungumza sana juu ya mikono ya wachimbaji. Ni kweli, mikono hiyo imeshika zebaki. Lakini nani aliyesimama na jagi na beseni akaimwagia maji kabla haijagusa ugali? Si mnunuzi wa dhahabu, wala si aliyeuza zebaki. Ni mama. Amewanawisha wachimbaji wengi kuliko semina zote, bila posho ya kikao. Kwamba maji ya jagi hayatoshi kuondoa sumu hiyo, na kwamba moshi wake hauoshwi kwa jagi lolote, ni kweli tupu. Ila lawama hiyo imekosea anwani.

Wanasema benchi hufuga madeni. Hapo nakiri kwa fahari. Chini ya kitambaa cha meza kuna daftari lenye majina ya utani matupu, maana jina la kweli mchimbaji hubaki nalo mwenyewe. Mfadhili anapozima simu, watu hawaachi kula. Mama huandika. Anaandika ugali, anaandika dagaa, anaandika hata vocha. Duara likitema, hulipwa. Mara nyingine hulipwa kwa mawe, akayapeleka karashani mwenyewe na kuomba Mungu. Duara likifa, wadeni huhama usiku kwenda kwenye rashi nyingine, machimbo mapya yanayokimbiliwa, na daftari hubaki linasomeka vizuri. Benki ingedai hati ya nyumba. Mwekezaji angedai hisa. Mama ntilie amegharamia uchimbaji wa kanda hii kwa maharage, na jina lake halimo kwenye leseni hata moja aliyoilisha.

Sifa kuu nimeiweka mwisho. Benchi halina mgongo. Wengi huiona kasoro. Mimi naiona hekima ya ajabu. Ukimaliza kula huna pa kuegemea, na nyuma yako, karibu kiasi cha kusikia pumzi zake, amesimama mwenye njaa anakutazama kisogo. Mama hana haja ya kukufukuza. Anauliza tu, kwa upole, "Nikuongezee, baba?" Swali hilo lina jibu moja. Unanyanyuka, unapiga hatua mbili, unachokoa meno ukiwa wima. Hakuna katiba iliyoandika hivyo, hakuna mgambo wa kusimamia, lakini aliyeshiba hupisha. Abiria wa meli huchagua zamu mapema kwa kuogopa kukosa kiti. Benchini hakuna hofu hiyo, maana kila aliyeketi anajua shibe ina mwisho, na mwisho huo una mtu amesimama nyuma yake.

Nimetafuta sheria hiyo mahali pengine katika ukanda huu wa almasi na dhahabu, sijaiona. Nimeona leseni zilizokaliwa miaka na watu wasioshika sururu, wanaosubiri wengine wafukue ndipo watokee na karatasi. Nimeona viongozi wa vikundi walioshiba zamani, na foleni imepinda nyuma yao hadi barabarani, nao wanaomba waongezewe. Ukiwachunguza wote hao utakuta jambo moja: wamekalia viti vyenye mgongo, na vingine vinazunguka.

Kwa hiyo natoa pendekezo. Halmashauri zitakapowajengea mama lishe mabanda ya kisasa, zijenge paa, zilete maji, zichimbe vyoo. Yote hayo wameyangoja vya kutosha. Viti vyenye mgongo zisilete. Vile vilivyoko maofisini vibadilishwe kimoja kimoja kwa mabenchi, kuanzia ngazi ya juu. Atakayetaka kujua mbao zinapatikana wapi, na msumari unachomozwa upande gani, amwulize mama yeyote wa Rwamgasa saa saba mchana. Ila aende na hela ndogo. Chenji hana.