Naomba Kuhama, Sababu ni Ndugu

Sisi watu wa Ndalambo kuhama tumekuzoea, ila kwa kawaida tunahamishwa tukiwa tumekaa. Mimi nilizaliwa wilaya ya Mbozi, mkoa wa Mbeya. Mwaka 2012 ikaja wilaya ya Momba, nikawa mtu wa Momba. Januari 2016 Songwe ikamegwa kutoka Mbeya, nikaamka mtu wa Songwe. Muda wote huo nyumba ni ile ile, zizi ni lile lile, na jirani anayeazima panga bila kurudisha ni yule yule. Kwa hiyo nilipopata wazo la kuhama chuo, kuhama kweli kweli, na begi mkononi, nyumbani hawakulielewa upesi.

Mbeya yenyewe nilipelekwa na minara ya Zambia. Nilichaguliwa vyuo viwili, kimoja Dodoma na kimoja Mbeya, na mwenye bahati ya namna hiyo hutumiwa namba ya siri kwa simu ili athibitishe chuo kimoja tu. Mimi na baba tukaenda Tunduma kutafuta stationari yenye intaneti ya uhakika. Anayeijua Tunduma anajua mambo yake. Ukisimama vibaya kidogo, simu inavuka mpaka bila wewe, inakukaribisha Zambia, na meseji zako zinabaki upande huu zikikutafuta. Tukazunguka na simu juu, mara kwa wabadilisha kwacha, mara kando ya foleni ya malori, tukitafuta mnara wa nyumbani. Meseji ilipoingia jua lilikuwa linazama, kijana wa stationari anafunga, na baba miguu imemvimba.

"Weka Mbeya," akamwambia yule kijana. "Ni hapa hapa tu."

Mimi nilitaka Dodoma. Lakini mlipaji wa huduma alikuwa baba.

Na kweli Mbeya ni hapa hapa, kosa la nani kama si la lami? Zamani, kabla Wamarekani hawajatoa fedha kupitia mfuko wao wa Millennium Challenge ikajengwa ile barabara ya Tunduma hadi Sumbawanga, kilomita 223, mzee akitaka kwenda Mbeya alikuwa anaaga kama anakwenda kuhiji. Masika magari yalilala njiani na abiria wake. Ndugu wa mjini aliheshimiwa kwa sababu hafikiki. Siku hizi mtu anakunywa uji Ndalambo, anapanda gari, na mchana uko darasani unapigiwa simu: "Msomi, nipo hapa Kabwe nimeshashuka. Njoo na mtu wa kunisaidia gunia."

Wanakuja kwa nia njema, hilo niliseme mapema. Hospitali ya Rufaa ya Kanda iko Mbeya, kwa hiyo mwenye rufaa anakuja, na msindikizaji wake, na mtu wa tatu ambaye hana ugonjwa wala hasindikizi ila kasikia gari lina nafasi. Wengine wanafuata vipuri vya pawatila Mwanjelwa. Wote wanafikia getoni kwangu: chumba kimoja, godoro la futi tatu na nusu, mtungi mdogo wa gesi na ndoo mbili. Fedha ya Bodi ya Mikopo ya chakula na malazi inahesabiwa shilingi 10,000 kwa siku kwa mwanafunzi mmoja. Aliyepiga hesabu hiyo hajawahi kumwona baba mdogo wangu akila wali wa Kyela.

Halafu mimi nasomea uhasibu, na huo ni mkosi wa peke yake. Ningekuwa daktari wangeniogopa kidogo. Mhasibu anaonekana ni mtu wa kujumlisha tu, tena bure. Ilipokaribia Desemba, wakati wa kuvunja vikoba, shangazi alinitumia daftari la kikundi kwa kondakta wa basi, limefungwa kwa mpira wa baiskeli. Ni kaunta buku ya kurasa mia mbili yenye harufu ya dagaa. Majina ya wanachama yameandikwa kwa kalamu za rangi nne kutegemea nani alikuwa nayo siku hiyo, na pembeni mwa baadhi ya majina kuna maelezo ambayo hakuna mhadhiri aliyetufundisha kuyaingiza kwenye vitabu: "kaleta kuku", "atalipa ufuta ukiuzwa", "huyu tumemsamehe". Nilikuwa na testi ya uhasibu asubuhi yake. Usiku ule nilikesha na hesabu kweli, ila za kina mama wa Ndalambo, na zilipokataa kulingana nikaambiwa kwa simu kwamba tofauti iliyopo ni soda za mgeni rasmi.

Ndipo nikaanza kuulizia habari za uhamisho. Kwa mwaka wa kwanza dirisha la kuhama hufunguliwa kwa muda mfupi baada ya udahili, na TCU, yaani Tume ya Vyuo Vikuu, inataka mambo yasiyo na huruma: uwe na sifa za kozi unayoiendea, huko unakokwenda pawe na nafasi, na maombi yapite kwenye vyuo, si kwa mjomba. Mkopo nao lazima uhamishwe ukufuate. Ukishavuka mwaka wa kwanza unaingia kwenye habari ya kuhamisha krediti, ambayo ni safari nyingine. Wapo waliowahi kuhama bila kuomba. Mwaka ule ule Songwe ilipozaliwa, TCU ilifuta vibali vya vyuo vishiriki vilivyokuwa Songea, na wanafunzi wakatawanywa vyuo vingine. Hao hawakujaza sababu. Mimi nilitakiwa kujaza.

Kabla ya kujaza nikampigia binamu yangu aliyeko Dodoma, nijue hali ya hewa. Nilitegemea anisifie ukimya wa nyika.

"Ndugu yangu," akasema, na nyuma yake nikasikia mtu anakohoa kizee, "huku kuna Hospitali ya Benjamin Mkapa, iko jirani na chuo. Na likianza Bunge, wanakuja kumwona mbunge. Wakimkosa, wanalala kwangu wamsubiri."

Hata hivyo nikaona Dodoma ni mbali, nauli itachuja wengi. Nikaandika barua. Rafiki mmoja aliyewahi kuwa katibu wa wanafunzi alinishauri sababu iwe mahsusi, kwamba maofisa hawapendi maneno ya jumla. Nikaandika kwamba naomba kuhama kutokana na mazingira ya malazi yasiyoruhusu kujisomea, yanayosababishwa na ujio wa mara kwa mara wa ndugu, hususan baba mdogo. Ile "hususan" niliipenda sana. Nikaitia barua kwenye bahasha ya kaki, nikaiweka juu ya meza.

Wiki hiyo baba mdogo alikuwepo. Kiuno kinamsumbua, kapigwa picha, na picha yake iko kwenye bahasha ya kaki, juu ya meza ile ile. Yeye huamka alfajiri ili awahi namba hospitalini, na kwa adabu hawashi taa asije akaniamsha. Alipapasa, akachukua bahasha, akaondoka zake.

Saa nne nilikuwa ofisi ya udahili. Mama mwenye miwani akapokea bahasha, akaingiza mkono, akatoa kitu cheusi kinachong'aa. Hakushtuka. Nadhani ofisi hiyo imeona mengi. Akakiinua kuelekea dirishani, akakitazama kwa muda, akakigeuza, akakitazama tena.

"Pingili naona ziko sawa," akasema. "Sababu ya kuhama ndiyo sijaiona."

Nikaeleza kadiri nilivyoweza. Akaniambia nilete barua kabla ya Ijumaa dirisha halijafungwa, na ile picha akaibana na fomu yangu ndani ya faili kwa sababu, alisema, kilichoingia kwenye faili kimeingia.

Upande wa pili wa mji baba mdogo alikuwa amekaa kwenye benchi, miwani kaiacha kwangu. Alipofungua bahasha akakuta karatasi badala ya picha, akadhani ni majibu. Akamwomba mgonjwa mwenzake, mtu wa Laela, amsomee. Yule bwana akasoma kwa ukamilifu, pamoja na salamu na kumbukumbu namba, na alipofika kwenye "hususan" akasimama akamtazama.

Jioni baba mdogo alirudi getoni, akala vizuri, akanishukuru, hakusema neno. Kesho yake wakapanda gari moja na yule wa Laela. Njia nzima barua ilijadiliwa ndani ya basi, dereva naye akichangia, na Tunduma wakapanda abiria wengine wakaelezwa upya kuanzia mwanzo.

Kikao cha ukoo kilikaa Alhamisi. Baba akanipigia usiku.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Tumekaa, tumelizungumza. Hakuna aliyekasirika. Baba yako mdogo mwenyewe kasema barua imeandikwa vizuri."

"Nashukuru, baba."

"Na tumekubali uhame."

Nikakaa kitandani. Sikutegemea.

"Ila Dodoma hapana. Dodoma tayari tuna mtu. Tumeona uende Dar es Salaam. Huko hatuna mtu, na watu wanahangaika wakipewa rufaa ya Muhimbili. Mjomba wako anasema pale kuna chuo ndani ya hospitali kabisa, mtu anatoka wodini anaingia darasani."

"Baba, hicho ni chuo cha madaktari. Mimi nimesoma ECA. Sina Biolojia wala Kemia. TCU hawawezi kukubali."

Nikamsikia anageukia kikao, anawaelezea. Kukawa na mabishano. Shangazi alisikika akisema mtoto aliyeweza hesabu za kikoba chetu atashindwaje na za dawa.

"Wanasema wewe jaza tu fomu," baba akarudi. "Na mdogo wako yuko kidato cha sita, yeye tutamweka Mbeya achukue chumba chako. Usiuze godoro. Haya, ongea na baba yako mdogo, ana shida."

Simu ikabadilishwa mkono. Nikajiandaa kuomba radhi kwa ile hususan.

"Msomi," akasema baba mdogo, "hiyo barua yako ninayo, nitaituma na basi la asubuhi. Sasa ile picha ya kiuno changu, hapo chuoni wameiona? Wamesemaje?"