Bima ya Pikipiki Isiyo na Injini

Pikipiki yangu haina injini. Injini iko juu ya meza kwenye banda la uani, imefunguliwa yote, pistoni huku, valvu kule, inasubiri gasketi. Tairi la mbele nalo nimelitoa. Ukiniuliza dude hili litamgonga nani, labda mimi mwenyewe, nikipita gizani na kikombe cha chai. Lakini hapa Uingereza karatasi zake zinasema imesajiliwa, na chombo kilichosajiliwa sharti kiwe na bima, kitembee kisitembee.

Zamani haikuwa hivyo. Sheria yao ya 1930 ilidai bima kwa chombo kinachotumika barabarani, kama ilivyo kwetu Tanzania, ambako pikipiki iliyoegemezwa kwenye mwembe haina trafiki wa kuiuliza bima. Mwaka 2011 wakakaza kamba. Siku hizi askari hana haja ya kukusimamisha: kompyuta inalinganisha orodha ya vyombo vilivyosajiliwa na orodha ya vilivyokatiwa bima, na chako kisipoonekana kwenye ya pili, barua inakufuata nyumbani. Ukiipuuza, faini pauni 100. Mkifikishana mahakamani, inaweza kufika 1,000. Nia yao naielewa; wako wanaogonga wenzao bila hata bima ndogo, kisha wakatokomea. Mimi nitatokomea na nini, fremu?

Dawa ipo, tena bure. Unaitangazia serikali kwamba chombo chako hakiko barabarani, tangazo wanaloliita SORN, na hapo unasamehewa bima na kodi ya barabara pia. Nikafurahi, hadi nilipofika kwenye masharti. Chombo cha SORN hakiruhusiwi hata kuegeshwa barabarani. Kikae gereji au kwenye kiwanja chako.

Gereji! Nyumba za mtaa wetu zimebanana ukuta kwa ukuta, mlango unafungukia barabarani, na njia ya kwenda uani ni moja tu: koridoni, sebuleni, jikoni. Ndiko ilikopita. Mimi usukani, shemeji nyuma, na mke wangu na kitambaa, akifukuzia matone ya oili kwenye zulia.

"Baba Salma, dude hili litatoka lini?"

"Aprili, mke wangu. Jua likirudi."

Hakujibu. Alizidisha kusugua.

Sasa mwizi akiruka ukuta, hasara ni yangu, maana bima nimeiacha. Kampuni za bima zimeliona hilo siku nyingi, zinauza bima ya chombo kilicholala, ya moto na wizi tu. Yaani nimekwepa bima kwa mlango wa mbele, inaniita dirishani.

Na Aprili nayo ina mambo yake. Kodi hailipiki bila cheti cha ukaguzi. Kwenda kwenye ukaguzi naruhusiwa kuiendesha bila kodi, mradi nimeshaweka miadi. Bila bima, hapana. Kwa hiyo nitakata bima ili nikakaguliwe, na ikifeli kwa ubovu mkubwa, SORN haijafutwa na barabarani haina pa kusimama. Itarudi uani, kwa njia ileile ya sebuleni na jikoni. Hilo la kufeli sijamgusia mama Salma.