Gari Linamkataa Mama

Gari la Baba Rehema lilikuwa likipiga kelele akipanda mama yangu. Asipokuwemo linarudi nyuma kimya mpaka getini. Akishaketi kiti cha nyuma na viroba vyake vya machungwa ya Muheza, mume wangu akitia rivasi tu, linaanza: pii, pii, pii, kisha piiii moja ndefu. Nyuma hakuna hata kuku.

Mama si mtu wa kumeza neno. "Mwanangu, gari la mumeo halinitaki."

"Ni sensa, mama," mkwewe akajitetea. "Ndiyo macho ya gari."

"Basi macho hayo yana kijicho."

Fundi umeme akafumua buti, akatangaza kwamba kasha la sensa limekufa. Likanunuliwa jipya. Mama akaja, gari likapiga ukelele uleule, ila sasa kwa sauti mpya. Jirani akashauri tufute tope, na hakukosea sana: tope, au tone la maji lililoganda usoni mwa sensa, huweza kulidanganya kasha. Sensa hutoa sauti ya juu mno, kwenye kilohezi 40 hivi, na sikio letu huishia 20. Kasha hupima muda mwangwi unaotumia kurudi. Kitu kikiwa sentimita 30 nyuma, mwangwi hurudi kabla hata ya milisekunde mbili kuisha. Tukafuta. Mama akapanda. Piiii.

Mpwa wangu, anayesomea ufundi VETA, akaja na akili zaidi ya mafundi wote tuliokwisha kuwalipa. Akaweka mawe kwenye magurudumu, akawasha swichi bila kuwasha injini, akatia rivasi, akainamisha sikio kwenye kila sensa. Iliyo nzima husikika ikitatarika, tik-tik-tik. Iliyokufa huwa bubu. Zote nne zilitatarika. Baba Rehema akanuna. Sensa mbovu hununuliwa nyingine. Mama mkwe aliyesusa hauzwi dukani.

Kilichomsafisha mama ni mchele. Tulitoka Morogoro na magunia matatu kwenye buti, yeye yuko kwake Muheza, na gari likalia kutoka getini hadi barazani. Mpwa akachuchumaa nyuma yake, akatazama jinsi lilivyolala kitako, akaichomoa sensa ya kushoto. Mgongoni ina mshale unaotakiwa kuelekea juu. Wake ulielekea chini. Bajaji ilikuwa imetukwaruza bampa, na fundi rangi, alipomaliza kupaka, akairudisha kichwa chini miguu juu. Gari likiwa tupu, ardhi ilikuwa mbali kidogo na macho yake. Likibeba mzigo nyuma linashuka, bampa linainama, na sensa inaiona ardhi kama ukuta.

Akaigeuza sensa, nasi tukampigia mama simu kumpa habari njema. Akasikiliza maelezo yote, mshale, mwangwi na magunia.

"Kwa hiyo mimi ni gunia."

Hakuna aliyejibu. Baba Rehema alinipa simu mimi.

Alipokuja tena akakaa mbele, bila kuombwa. Viroba vikaenda nyuma. Rivasi ikaingia, gari likarudi kimya kabisa, na mama akageuka kumtazama mkwewe.

"Mbona haisemi? Mmeiua?"

Ikabidi Baba Rehema arudi nyuma polepole kuelekea ukuta wa jirani mpaka ilie. Mama akataka airudie.