Heko kwa Uaminifu wa Simba

Sisi tunaobanana kwenye kibanda umiza hapa Kingerikiti tunaivulia kofia Simba ya msimu wa 2021/22. Agosti 2021 nyota wetu wawili waliondoka: Clatous Chama alikwenda RS Berkane ya Morocco, Luis Miquissone akatua Al Ahly ya Misri. Timu isiyo na adabu ingekimbilia kubuni mbinu mpya. Simba, kwa uungwana wake, iliendelea kupenyeza pasi palepale alipozoea kusimama Chama, mpira ukapokelewa na nyasi. Hata mvuvi wa Mbamba Bay hahamishi wavu eti kwa sababu samaki wamehama. Mkurugenzi aliyehamishwa barua zake si huendelea kuletwa ofisini? Posta hailaumiwi.

Oktoba 24, Jwaneng Galaxy ya Botswana, iliyokuwa imelala 2-0 kwao, ikaja Dar es Salaam ikashinda 3-1 na kututoa Ligi ya Mabingwa. Wageni hawana huruma na wafiwa. Watani wetu Yanga nao wakabeba ubingwa wa ligi bila kufungwa mechi hata moja. Kwetu ulikuwa umekaa miaka minne mfululizo, na uchoyo ni dhambi.

Januari 2022 Chama akarudishwa. Wapenda mabadiliko waombe radhi: mbinu haikuwa na kosa lolote, ilikuwa inamsubiri mwenyewe.